Mzigo wa Shule Uliowaangukia Wazazi

Wako wanaodhani kwamba desturi ya wazazi kumlipa mwalimu ilizaliwa ndani ya Kanisa. Tutazame ilivyoanza.

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za misheni. Tarehe 26 Februari 1977 ilipatana na Kanisa: Kanisa liziongoze shule, serikali iwalipe walimu. Ndivyo ilivyokuwa pia katika jimbo letu la Uvira.

Lakini serikali ilikuwa imelemewa na madeni. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na mali nyingi ilipotelea mikononi mwa wakubwa. Septemba 1983 thamani ya zaire ilipunguzwa zaidi ya robo tatu. Shirika la Fedha la Kimataifa likadai matumizi yapunguzwe, na walimu wengi wakaachishwa kazi. Waliobaki walipata mshahara usiotosha, kisha hata huo ukakosekana. Wakagoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maaskofu na wazazi walikubaliana kwamba wazazi watoe primi, ili shule zifunguliwe.

Ilikusudiwa kuwa dawa ya muda, lakini ilidumu zaidi ya miaka 20. Tuseme kweli: sehemu ya pesa hiyo ilipanda hadi ofisi za shule, za serikali na za Kanisa pia. Kwa hiyo haikuwa rahisi kuiondoa.

Huku kwetu mzigo ulizidi pale vita vya 1996 vilipokifunga kiwanda cha sukari cha Kiliba, na baba wengi wakakosa kazi. Mama muuza ndagala akabaki na swali gumu: mtoto yupi aende shuleni, yupi abaki? Mara nyingi aliyebaki ni msichana.

Katiba ya 2006 iliahidi shule ya msingi bila malipo, na Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi akaanza kuitimiza ahadi hiyo. Watoto walirudi, madarasa yakajaa. Lakini walimu wengi hawakuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Primi ilipoondolewa, walibaki mikono mitupu.

Wazee husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Serikali iliutua wake, wazazi wakaubeba. Wazazi walipoutua, ukamwangukia mwalimu. Tangu 1891 Papa Leo XIII alifundisha kwamba mshahara wa haki humtosha mfanyakazi kuishi. Basi tukifurahi kwamba mtoto anasoma bure, tusimwache anayemfundisha afundishe bure.