Uvira: Mji wa Ndagala na Madaftari

Mtaa wa Kilibula, kama mitaa mingi ya mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, umo katika ukanda mwembamba wa ardhi kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Ardhi ni haba na watu ni wengi, kwa hiyo mji umejinyoosha kandokando ya maji. Wamo Wavira, wenyeji wa pwani hii, Wafuliiru wa bonde la Ruzizi na milima yake, Wabembe wa upande wa Fizi, Wanyamulenge wa nyanda za juu na Warundi. Sokoni wote hukutana kwa Kiswahili, lugha iliyoshika mizizi huku tangu karne ya 19 kwa biashara ya mji wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, iliyobeba pembe za ndovu na, kwa uchungu, watumwa.

Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira mwezi Aprili 1858 wakitafuta chanzo cha Nile. Wana wa mtawala Maruta waliwaambia wazi kwamba mto Ruzizi huingia ziwani, hautoki, hivyo hauwezi kuwa chanzo hicho. Ulaya iliendelea kubishana hadi Livingstone na Stanley walipojionea wenyewe mdomo wa mto huo mwaka 1871. Nasisitiza jambo hili kwa sababu historia ya elimu ya Uvira mara nyingi husimuliwa kuanzia kwa wakoloni Wabelgiji, ilhali wenyeji walikuwa tayari na jibu.

Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC mwaka 1947, na Uvira ikapata kituo chake cha kuchunguza ziwa. Huko, katika miaka ya 1950, Georges Marlier alichunguza samaki na maji ya Tanganyika. Kituo hicho leo ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH. Dayosisi ya Kikatoliki ya Uvira ilizaliwa mwaka 1962. Miaka miwili baadaye waasi wa Simba waliuteka mji. Vita vimerudi mara nyingi tangu hapo, na kila mara familia za milimani na bondeni zimekimbilia mjini zikiwa na watoto wa kusomesha.

Mwanafunzi wa chuo anayetoka kijijini hupanga chumba pamoja na wenzake, akiletewa unga wa muhogo kutoka kwao. Umeme ukikatika, daftari husomwa kwa tochi ya simu. Minerval yake, yaani ada ya masomo, mara nyingi hutoka ziwani. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huwasha taa juu ya maji, ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, huja kwenye mwanga, wavu huinuliwa. Alfajiri akina mama hununua shehena, huwatandaza samaki mchangani na kuwageuza jua likipanda. Mvua ikinyesha ghafla kabla hawajakauka, mtaji umeoza, na ada ya muhula nayo.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Hatari nyingine haina kelele. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yanapata joto, hivyo hayachanganyiki vizuri na ya chini, na virutubisho vya kulisha mwani havipandi inavyotakiwa. Mwani ukipungua, ndagala hupungua. Kwa mama mchuuzi wa Kilibula, hesabu hiyo huanza kuonekana Septemba, shule zinapofunguliwa, anapoamua ni mtoto yupi atangulie kuandikishwa na yupi asubiri.