Chungu cha Chuma Kilikuwa cha Maskini, Tusiuziwe Kama cha Matajiri

Kila nikifungua simu siku hizi naona mtu anapika mbuzi nje kwenye chungu cheusi cha miguu mitatu, halafu anakuambia hicho ndicho "chungu cha asili cha Mwafrika". Bei yake sasa, usiulize. Mimi nilinasa mtego huo mwaka jana. Nilinunua kimoja, kufika kwa nyumba nikakiwekea sumaku, ikateleza ikaanguka. Alumini iliyopakwa rangi nyeusi! Basi leo wacha tuongee historia, kwa sababu ukijua chungu kilitoka wapi si rahisi kudanganywa sokoni.

Tuanze na ukweli unaouma kidogo: chungu hiki si cha asili yetu. Wahunzi wetu walikijua chuma kitambo, na kule Kwale kazi hiyo ina umri wa karibu miaka 1,800. Lakini tanuri zao hazikugeuza chuma kuwa uji wa kumimina. Zilitoa bonge la kufuliwa kwa nyundo, likawa jembe, kisu au mkuki. Kupika walipikia vyungu vya udongo. Waliomimina chuma kwenye kalibu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ni Wachina.

Hiki cha tumbo la mviringo, kwa bei ya mtu wa kawaida, kina hadithi yake Uingereza. Kulikuwa na fundi wa Bristol, Abraham Darby, aliyetengeneza vyombo vya shaba nyeupe. Shaba ilikuwa ghali. Akajiuliza: kwa nini nisimimine chuma, ambacho ni bei nafuu? Akishirikiana na kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake, John Thomas, alipata njia ya kumimina vyungu kwenye kalibu za mchanga, na mwaka 1707 akapewa hataza. Na sikia hii: hataza yenyewe inataja kwamba vyungu hivyo, kwa urahisi wa bei, vitawafaa maskini. Miaka miwili baadaye, 1709, akiwa Coalbrookdale, alianza kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza, badala ya makaa ya miti. Wengi huita hapo mwanzo wa Mapinduzi ya Viwanda. Kumbe bidhaa iliyobeba mapinduzi hayo ilikuwa sufuria ya mama wa kawaida!

Baadaye viwanda vya Falkirk, Uskoti, vilimimina vyungu vya miguu mitatu vikasafirishwa hadi Afrika. Afrika Kusini wanakiita potjie, yaani chungu kidogo. Ndivyo kilivyokuja kuitwa cha asili.

Sasa, kwa nini nahangaika na hii stori? Kwa sababu ya afya. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Ethiopia: watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma kwa mwaka mmoja walikuwa na nafuu zaidi ya upungufu wa damu kuliko waliopikiwa kwenye alumini. Na mwaka 2017 watafiti walipima vyombo vya alumini kutoka nchi 10, Kenya ikiwemo, na baadhi vilitoa madini ya risasi. Chungu si dawa, lakini anayehitaji chuma zaidi ni yule mama wa plot, si mwenye bustani ya kuchomea nyama wikendi. Tukikigeuza kuwa pambo la matajiri, tumemgeuza Darby kichwa chini miguu juu.

Kwa hivyo ukienda kununua, beba sumaku. Isiponasa, rudisha pesa mfukoni. Kinyanyue: kinafaa kuwa kizito, na kuta zenye unene sawa pande zote. Kigonge kwa ufunguo: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa mlio uliokufa. Angalia miguu inapoungana na tumbo, halafu zungusha kifuniko uone kama kinakaa vizuri. Ukiona ngozi yake ina vipele vidogo, usiogope, hiyo ni alama ya mchanga wa kalibu. Ogopa rangi nzito, maana inaweza kuficha nyufa. Wa kupikia gesi achukue cha kitako bapa; miguu mitatu ni ya moto wa kuni.

Ukifika nyumbani, kioshe, kikaushe kwenye moto, kipake mafuta kidogo sana, kisha kipashe hadi kiwe cheusi chenyewe. Rudia mara kadhaa. Usikilaze na maji usiku kucha, na usimwage maji baridi kikiwa moto, kitapasuka.

Ukikitunza hivyo, mjukuu wako atapikia. Na yeye akikiita chungu cha asili, angalau hatakuwa anadanganya.