Nyumba za Majani Makavu za Nebraska

Ketini vizuri, tuanze somo letu. Leo tunakwenda Marekani, katika Jimbo la Nebraska, tupate kujua jinsi watu walivyojikinga na baridi na joto kwa majani makavu.

Nebraska iko katikati ya nchi, mbali na bahari. Kwa sababu hiyo, baridi yake ni kali na joto lake ni kali vile vile. Mwezi wa Februari 1899, baridi ilifika digrii 44 chini ya sifuri. Mwezi wa Julai 1936, joto lilifika karibu digrii 48. Tena, tarehe 12 Januari 1888, dhoruba ya theluji iliwakuta watoto wengi njiani wakitoka shule. Watu kama 235 walikufa katika Nebraska na sehemu za jirani. Basi, kuchagua ukuta wa nyumba kulikuwa jambo la kufa na kupona.

Sheria ya mwaka 1862 iliwapa walowezi eka 160 kila mmoja, katika nchi iliyokuwa ya wenyeji kama Wapawnee na Walakota. Miti ilikuwa haba. Kwa hiyo walowezi walikata kwa plau vipande vya ardhi yenye nyasi na mizizi, wakavipanga kama matofali. Nyumba hizo hazikuwa na baridi nyingi wala joto jingi. Lakini mvua iliponyesha, paa lilivuja matope, na nyoka walijificha kutani.

Mwaka 1904 sheria nyingine ilitoa eka 640 kwa mtu mmoja katika magharibi ya Nebraska, hata kwenye vilima vya mchanga. Huko ardhi haishikamani, ukiikata, inamomonyoka. Walifanyaje? Walikuwa na mashine za kubana majani ya mifugo yawe marobota. Wakaona kuwa robota lafanana na tofali kubwa! Wakayapanga marobota, wakayashikiza kwa vijiti, wakaweka paa juu, kisha wakakandika ndani na nje.

Sasa sikilizeni sababu. Blanketi halina moto, lakini ukijifunika unapata joto. Tena muuza samaki hufunika barafu yake kwa gunia na unga wa mbao, isiyeyuke upesi. Mnaona? Kifuniko kizuri huzuia joto lisitoke, na huzuia joto lisiingie. Kazi hiyo hufanywa na hewa iliyonaswa katika vitundu vidogo, isiyoweza kutembea. Joto hupita kwa shida katika hewa iliyotulia. Robota la majani lina vitundu hivyo tele. Bati halina; ndiyo maana mchana twaungua chini yake.

Lakini majani yana adui. Yasimuliwa kwamba shule moja ya marobota, karibu na mji wa Bayard, haikukandikwa, na ng'ombe wakaila! Adui mkubwa zaidi ni maji. Yakiingia, huifukuza hewa, na majani huoza. Kwa hiyo ukuta wa majani wahitaji msingi ulioinuka, paa lenye upenu mpana, na mkandiko usio na nyufa.

Katika mji wa Arthur liko kanisa lililojengwa kwa marobota mwaka 1928. Waangalifu walilikandika na kulitunza, nalo lingali limesimama. Limekuwa jumba la makumbusho. Hata pamba ya kioo, itumiwayo leo katika kuta na dari za nchi za baridi, hufanya kazi kwa njia ile ile.

Basi, mtu akikuuzia kitu cha kukinga nyumba, usitazame unene peke yake. Uliza: Je, chanasa hewa? Je, kitakaa kikavu?

Sasa andikeni majibu katika daftari zenu:
1. Kwa nini watu wa vilima vya mchanga hawakuweza kujenga kwa vipande vya ardhi?
2. Kwa nini blanketi huweza kuhifadhi barafu?
3. Nyumba yenu hupata joto zaidi kupitia wapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.