Muwa Wetu, Molasi Yao: Safari ya Ethanoli Magharibi mwa Kenya

Sokoni Lubao, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, matrekta hupita yakivuta miwa kuelekea kiwandani Malava. Yakipunguza mwendo, watoto huchomoa muwa mmoja mmoja nyuma ya trela. Baada ya muda, mkulima huenda dukani na dumu kununua molasi nyeusi ya kunyunyizia majani ya ng'ombe. Ameuza muwa, sasa ananunua masalia yake.

Molasi hiyo ndiyo mama wa ethanoli, na kila Mswada wa Fedha unapokaribia, nafuu za kodi za nishati hii hurudi mezani. Historia yatufundisha kuuliza nafuu hizo humfaa nani.

Mwaka 1977 Serikali na wabia wake walianza mradi wa kiwanda cha molasi Kisumu. Gharama zikapaa, ujenzi ukakwama, na kwa miaka mingi mitambo ikabaki gofu. Muhoroni ndiko kulikofaulu: kuanzia 1983, ethanoli ya kiwanda cha Agro-Chemical ilichanganywa na petroli, sehemu moja kwa kumi, ikauzwa Nairobi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Watafiti wa nishati wa AFREPREN, Nairobi, wanaeleza kwamba Serikali ilibana bei ya rejareja, nazo kampuni za mafuta za kigeni zikaupinga mpango huo. Thamani ya shilingi nayo haikusaidia. Mtengenezaji alitakiwa kuuza kwa bei asiyoipanga, kwa mnunuzi asiyemtaka. Kufikia 1993 mpango ulikuwa umekufa. Malawi, iliyoanza 1982, haikuacha kuchanganya.

Marekani nayo ilianza kuipa ethanoli nafuu ya kodi mwaka 1978. Juni 2011, maseneta Dianne Feinstein na Tom Coburn walipendekeza ifutwe, na Seneti ikaunga mkono kwa kura 73 dhidi ya 27. Nafuu hiyo ilikoma mwisho wa mwaka huo. Lakini kufikia wakati huo sekta yao ilikuwa imekwisha kukomaa, tena sheria ya kulazimisha uchanganyaji ilibaki. Mtoto aliachishwa ziwa akiwa tayari anakula ugali.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2012 kampuni ya sukari ya Mumias ilizindua mtambo wa kutengeneza lita milioni 22 za ethanoli kwa mwaka. Mwaka 2019 Hazina ya Taifa iliondoa ushuru wa asilimia 25 kwa ethanoli ya kupikia inayotoka nje. Mwaka huohuo, Septemba, Mumias ikawekwa chini ya mrasimu.

Kuagiza ethanoli kutoka nje ni aibu kwa nchi yenye miwa. Kupikia kwa nishati safi ni jambo jema, na mama anayeepushwa na moshi anastahili nafuu hiyo. Lakini kabla Bunge halijaongeza au kufuta nafuu yoyote, sheria na itaje kwanza fungu la mkulima katika molasi. Asilipwe uzito wa muwa tu, kisha dumu akalinunue.