Kemikali za kuzuia moto: zinavyotoka kwenye kochi hadi mwilini

Mtu anapojitupa kwenye kochi kuukuu, sponji hubonyea na kutoa hewa. Kwa makochi mengi yaliyotengenezwa Marekani kabla ya mwaka 2005, hewa hiyo hutoka na chembe za PBDE, kundi la kemikali zenye bromini zilizotiwa kwenye sponji, mazulia na plastiki za televisheni ili zisishike moto haraka.

Kemikali hizi hazikuungana na sponji, zilichanganywa tu, mithili ya mchanga kwenye unga. Ndiyo maana hujitoa kidogo kidogo kwa miaka mingi na kunata kwenye vumbi la nyumbani. Anayezipata zaidi ni mtoto anayetambaa, maana vidole vyake hutoka sakafuni vikaenda mdomoni. Mwilini hujikusanya kwenye mafuta, na umbo lake hufanana na homoni za tezi ya shingoni, ambazo ubongo wa mtoto huzihitaji ili ukue. Nchini Sweden, vipimo vya maziwa ya mama yaliyohifadhiwa tangu 1972 hadi 1997 vilionyesha kiwango kikiongezeka maradufu takriban kila miaka 5.

Chanzo kikubwa cha matumizi hayo ni kanuni ya jimbo la California ya mwaka 1975, iliyotaka sponji tupu ihimili mwali mdogo kwa sekunde 12. Mwaka 2012 gazeti la Chicago Tribune lilifichua mchango wa kampuni za tumbaku: sigara zilikuwa zikiunguza makochi, na kwao ilikuwa nafuu kochi libadilishwe kuliko sigara. Ajabu ni kwamba kitambaa cha juu ndicho hushika moto kwanza, na moto ukishakolea sponji hiyo haiuzuii. California ilibadili kipimo hicho mwaka 2013.

Mkataba wa Stockholm uliziorodhesha PBDE za kwenye sponji mwaka 2009, na decaBDE, iliyotumika sana kwenye vifaa vya umeme, mwaka 2017. Kenya na Tanzania ni wanachama, lakini televisheni za mtumba za zamani zingali majumbani na kwa mafundi. Plastiki zake zisichomwe, kwani moshi wake huwa na dioksini zenye bromini. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hulirusha hewani.