Digrii ya Uuguzi kwa Njia Fupi: Kuchagua na Kuomba Nafasi Ukiwa Ndalu

Digrii ya uuguzi ya muda mfupi ni mpango wa masomo unaompunguzia mwanafunzi miaka kwa kuzingatia yale aliyokwisha kusoma. Chuo Kikuu cha Saint Louis nchini Marekani kilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 1971, kwa ajili ya watu waliokuwa na digrii za fani nyingine. Huko, aliyesomea biolojia au biashara anaweza kumaliza uuguzi kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Nchini Kenya njia iliyozoeleka ni nyingine. Hapa kinachofupisha safari ni diploma ya uuguzi yenyewe: muuguzi aliyekwisha kusajiliwa huingia chuo kikuu na kumaliza digrii kwa miaka miwili hadi mitatu hivi, ilhali anayeanzia kidato cha nne husoma minne.

Njia hii ilijengwa kwa ajili ya wauguzi walio kazini. Kwa miaka mingi zahanati za mashambani ziliendeshwa na wauguzi wenye vyeti vya ngazi ya chini, na kuwatoa wote kazini waende darasani kungefunga milango ya zahanati hizo. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wengine, lilianzisha masomo kwa njia ya kompyuta yaliyolenga kuwapandisha wauguzi 22,000 kutoka cheti hadi diploma bila kuwahamisha vituoni. Karibu na wakati huo Chuo Kikuu cha Aga Khan kilikuwa kimeanza kufundisha wauguzi wa Afrika Mashariki ngazi ya digrii huku wakiendelea na kazi. Tangu hapo vyuo vikuu kadhaa vimefuata mkondo huo.

Ndalu iko Tongaren, Kaunti ya Bungoma, jirani na Trans Nzoia, kwa hiyo kijana wa huku hutazama pande mbili: Kitale na Bungoma. Miji yote miwili ina kampasi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu kilichoanza mwaka 1927, na Webuye nayo inayo. Kwa digrii, walio karibu ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega, Moi cha Eldoret, na Baraton katika Kaunti ya Nandi. Hospitali za misheni pia zina shule za uuguzi, kama ile ya Mukumu.

Kabla ya kuchagua chuo, mtu ajiulize ana nini mkononi. Aliyepata wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na alama nzuri za Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili, anaweza kuomba digrii moja kwa moja. Diploma ya KMTC huanzia wastani wa C, na Biolojia na lugha hutazamwa kwa makini. Hapa wazazi wengi hukosea hesabu. Husema diploma ndiyo ya haraka kwa kuwa ni miaka mitatu, kisha mtoto atajiendeleza baadaye. Lakini mitatu ya diploma, ukiongeza muda wa kutafuta kazi, kisha miwili au mitatu ya digrii, huzidi minne ya kwenda moja kwa moja, hata ukiongeza mwaka wa mafunzo kazini unaofuata digrii. Mwenye C+ na masomo yanayohitajika asisukumwe kwenye diploma kwa jina la haraka. Akiichagua kwa sababu karo ni nafuu na ataanza kujitegemea mapema, hiyo ni sababu ya haki. Anayekwenda digrii moja kwa moja naye ajue kwamba miaka ya karibuni wahitimu wa digrii wamekuwa wakingoja kupangiwa hospitali za mafunzo kwa sababu ya uhaba wa fedha serikalini.

Jambo la kwanza la kuchunguza kuhusu chuo ni idhini, hata kabla ya karo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu husimamia digrii, lakini anayetoa leseni ya kuuguza ni Baraza la Wauguzi, na baraza huchapisha orodha ya taasisi lililozikubali. Isome orodha hiyo kampasi kwa kampasi. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, kina majengo na mahafali ya kila mwaka, na bado kozi yake ya uuguzi katika tawi fulani ikawa haijapitishwa. Aliyesoma huko hatafanya mtihani wa baraza, na bila mtihani huo hasajiliwi.

Baada ya idhini, uliza kuhusu wodi. Uuguzi hujifunzwa kando ya kitanda, na hiyo ndiyo sehemu isiyoweza kufupishwa na chuo chochote cha kweli. Kinachopunguzwa ni masomo uliyokwisha kuyafanya. Saa za leba, za wodi ya watoto na za zamu ya usiku zinabaki. Ukitembelea chuo, usiishie ofisi ya usajili. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili umuulize amewahi kuzalisha akina mama wangapi kwa mikono yake, na ni wanafunzi wangapi husimama kuzunguka mama mmoja anapojifungua. Akikuambia kwamba wao kumi hutazama na mmoja ndiye hushika, umepata habari isiyoandikwa kwenye kijitabu chochote cha chuo. Uliza pia wanapelekwa hospitali gani, nani hulipia malazi wakiwa huko, na kama kitabu cha kumbukumbu za mazoezi hutiwa sahihi siku ileile.

Pesa nazo zina msimu wake. Ndalu ni nchi ya mahindi. KMTC hupokea wanafunzi Septemba na Machi. Septemba mahindi bado yako shambani, na familia inayotegemea mavuno hulazimika kuyauza yakiwa mabichi au kukopa kwa bei ya kuumiza. Kufikia Machi magunia yamekwisha kukauka na kuuzwa. Kama chuo kinatoa nafasi Machi, kungoja miezi sita kunaweza kumwokoa mwanafunzi asifukuzwe kwa karo katikati ya muhula. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, vina kalenda zake, na havitoki siku ya kuripoti. Karo ilipwe kwenye akaunti rasmi ya taasisi. Anayekuomba utume kwa nambari yake ya simu ili "akushikie nafasi" ni tapeli, hata awe na barua yenye mhuri.

Maombi yenyewe hufanyika mtandaoni: kwa KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, ikiwa unataka nafasi ya serikali, au kwa tovuti ya chuo. Muuguzi anayejiendeleza huongeza cheti cha usajili, leseni iliyo hai na matokeo yake ya diploma, na akiwa ameajiriwa na kaunti aanze mapema kuomba ruhusa ya masomo. Karatasi ndogo ndizo huwachelewesha wengi. Cheti cha kuzaliwa kina jina la nyumbani na la baba, kitambulisho kimeongeza la ubatizo, na cheti cha KCSE kimeandika herufi moja tofauti. Mhudumu wa saiba anaskani zote tatu bila kusema neno, na kasoro hugunduliwa wiki ya kuripoti. Ziweke karatasi zote mezani usiku mmoja, usome majina herufi kwa herufi, na kama hayalingani uanze kurekebisha kabla ya kuomba chochote.

Baadhi ya vijana wa magharibi mwa Kenya huvuka mpaka wa Malaba kwenda kusoma Uganda, ambako karo inaweza kuwa chini. Hilo si kosa, ila baraza la Kenya hukagua upya vyeti vya nje na linaweza kumtaka mhitimu mafunzo ya nyongeza na mtihani kabla ya kumsajili. Wanaolenga ng'ambo nao wakumbuke Kiingereza. Mwaka 2021, baada ya Kenya na Uingereza kutia sahihi mkataba wa wahudumu wa afya, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisema kwamba kati ya wauguzi 300 ni 10 tu waliokuwa wamefaulu mtihani wa lugha. Walikuwa tayari wauguzi, na lugha ndiyo iliwakwamisha.

Ukishapokelewa, jambo moja limebaki mikononi mwa chuo lakini ni lako kulifuatilia: jina lako kupelekwa kwa Baraza la Wauguzi ili uandikishwe kama mwanafunzi. Liulizie katika miezi ya kwanza, na uombe kuiona kwa macho nambari yako ya uandikishaji. Ukifika mwaka wa mwisho bila nambari hiyo, mtihani wa baraza utafanywa na wenzako wewe ukiwa nje.