Siti binti Saad na Wasikilizaji wake wa Unguja

Taarabu iliingia Unguja kwa mlango wa jumba la kifalme. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa chama cha wanaume, waimbao kwa Kiarabu. Muziki huo ulipendwa na kuheshimiwa, lakini watu wengi wa kisiwa hawakuyafahamu maneno yake, na wengi zaidi hawakualikwa kuusikiliza.

Siti binti Saad hakuzaliwa katika watu wa jumba hilo. Alizaliwa kijijini Fumba mnamo mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza unyonge wa wazazi wake. Sheria ya kuondoa utumwa haikutoka Unguja mpaka mwaka 1897. Kazi yake ilikuwa kuuza vyungu, akipita huku na huko kunadi bidhaa yake kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin alimfunza kuimba, na baadaye akashirikiana na Subeit bin Ambar, Mbaruk Effandi Talsam, Buda bin Mwendo na Mwalim Shaaban. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilopewa baada ya kujulikana.

Makao yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga mtaa huo na Mji Mkongwe. Wakazi wake walikuwa wa asili nyingi: wengine wazee wao walitoka Unyamwezi, Uzaramo, Manyema na Nyasa, wengine walikuwa Wangazija, na wengine Waarabu na Wahindi wasio na mali. Lugha iliyowakusanya wote ilikuwa Kiswahili. Siti aliweza kuimba Kiarabu, lakini kwa nyimbo zake za Kiswahili aliwapa watu hawa taarabu waliyoielewa neno kwa neno. Jioni majirani walikutana nyumbani kwake, na habari za mtaa zikageuka nyimbo. Wimbo wa Kijiti, mathalani, ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam: muuaji alitorokea Bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Yaliyonong'onwa vibarazani yakaimbwa wazi.

Mwimbaji huyohuyo aliitwa kuimba mbele ya Sultani na katika nyumba za matajiri. Walikuwako waliomdhihaki kwa asili yake na kwa sura yake. Naye aliwajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri mpaka Bombay, wakaimba nyimbo zilizotiwa katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Tangu hapo sauti yake haikuhitaji mwaliko. Asiyekuwa na fedha za kununua santuri aliisikia mkahawani, ameketi karibu na mtu asiye wa kabila lake wala wa daraja yake.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba nyimbo ziliondoa tofauti za watu. Mwaka huohuo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja, na mgomo huo ulionyesha wazi jinsi mwenye mali na asiye nayo walivyokuwa mbalimbali. Kazi ya taarabu ya Siti ilikuwa nyingine. Iliwapa watu waliohesabiwa kuwa wageni au watumwa wa jana maneno mamoja ya kuzungumzia haki, mapenzi na aibu, na ikawalazimu wakubwa kuyasikiliza maneno hayo katika lugha ya wadogo.

Siti alifariki mwaka 1950. Miaka minane baadaye ulichapishwa wasifu wake uliotungwa na Shaaban Robert, na hivyo maisha ya muuza vyungu wa Fumba yakaingia katika maandishi ya lugha ileile aliyoiimba.